Je, ni taamuli yenyewe inayoshusha presha, au ni kule kukaa kitako tu?

#1 ChumbageniKwetu
Salaam, wanajukwaa. Mimi ni mtu wa presha ya kupanda na natumia dawa kama nilivyoandikiwa. Kwa muda sasa, kila alfajiri kabla nyumba haijaamka, nakaa kwenye kiti chenye egemeo, nafumba macho, narudia neno moja kimoyomoyo, na mawazo yakitoroka nayarudisha bila kugombana nayo. Hiyo ndiyo taamuli yangu. Kipimo changu cha nyumbani mara nyingi huonyesha kitu kama 148 kwa 92 kabla ya kukaa, na 134 kwa 86 baada ya dakika ishirini. Mwanangu anayesoma sayansi ananiambia kwamba hata ningekodolea macho ukuta kwa muda huohuo ningepata nambari zilezile. Mimi nashikilia kwamba kuna cha ziada. Mwaka 1970 Robert Keith Wallace alichapisha katika jarida la Science vipimo vya watu waliokuwa katika taamuli, na mwaka 1971 yeye na daktari wa moyo Herbert Benson wa Harvard, pamoja na mwenzao, wakaripoti kwamba matumizi ya oksijeni yalishuka kwa takriban asilimia 17. Mwili unaopunguza oksijeni kiasi hicho haujakaa kitako tu. Wenye ujuzi, nani kati yetu ana haki, mimi au kijana?

#2 NesiMstaafu
Kabla hatujafika Harvard, mzee wangu, tuanzie kwenye mkanda wa kipimo. Kipimo cha kwanza karibu kila mara huwa juu kuliko cha pili na cha tatu, hata kama mtu hakufanya lolote katikati. Nimewaona wengi kliniki: mtu anaingia akihema kutoka stendi, anakunja mkono wa kanzu mpaka nguo inambana juu ya kiwiko, anapachika mguu juu ya mguu, mkono unaning'inia hewani, na bado anaendelea kunisimulia habari za nauli huku mkanda ukijaa upepo. Kuongea peke yake kunaweza kupandisha namba ya juu kwa karibu 10, na kibofu kilichojaa nacho vivyo hivyo. Ndiyo maana tunasisitiza mtu akae kimya dakika tano, miguu yote miwili ikiwa sakafuni, mgongo umeegemea na mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, kisha apimwe mara mbili. Je, hiyo 148 unaipata baada ya kutulia, au mara tu utokapo kitandani?

#3 Kitendawili
Kwa maelezo ya nesi, huenda mzee wetu angeshusha presha kwa kwenda msalani tu, na Harvard wangebaki na mashine zao.

#4 MwalimuBiolojia
Utani kando, hoja ya Benson ilikuwa na mantiki, na inafaa ielezwe kabla haijakosolewa. Mwili una mfumo wa neva usiosubiri amri yetu, na mfumo huo una pande mbili zinazovutana. Upande mmoja huuandaa mwili kukimbia au kupigana: adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, mishipa midogo ya damu hubana na viganja hutoka jasho. Upande wa pili huurudisha mwili kwenye utulivu, kwa sehemu kubwa kupitia neva ya vagasi inayoteremka kutoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Benson alidai, na mwaka 1975 akakiandikia kitabu, kwamba kama tulivyo na mwitikio wa hatari uliojengeka ndani yetu, tunao pia mwitikio wa utulivu unaoweza kuamshwa kwa makusudi, kwa kurudia neno, sala au sauti na kuyapuuza mawazo yanayoingia. Katika vipimo vile vya mwanzo si oksijeni pekee iliyoshuka. Laktati, kemikali ambayo misuli huitoa inapofanya kazi ngumu, ilipungua katika damu, ngozi ikapitisha umeme kwa shida zaidi kwa sababu jasho lilipungua, na mawimbi ya ubongo ya aina ya alfa yakaongezeka. Mzee wa #1, presha ya wale watu haikubadilika sana kwa sababu wengi hawakuwa na presha tangu mwanzo, kwa hiyo usiichanganye hoja ya oksijeni na hoja ya presha.

#5 MkaidiWaHoja
Namshukuru Mwalimu, lakini hadithi yake imeishia mwaka 1975. Mwaka 1976 jarida lilelile la Science lilichapisha tafiti mbili zilizopoza moto huo. Katika ule wa kwanza, Michaels na wenzake walipima adrenalini, noradrenalini na laktati kwenye damu ya watu kumi na wawili waliokuwa katika taamuli na wengine kumi na wawili waliopumzika tu, na hawakuona tofauti ya maana. Katika ule wa pili, Pagano na wenzake waliwafunga wazoefu watano vipimo vya ubongo, wakakuta kwamba kwa wastani karibu asilimia 40 ya muda wa taamuli watu wale walikuwa wamelala, usingizi wa kweli na si kusinzia kwa kichwa kuinama. Mwaka 1984 mwanasaikolojia David Holmes akapitia tafiti zote zilizokuwa na kundi la kulinganishia, akahitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa taamuli inaushusha msisimko wa mwili kuliko mapumziko ya kawaida. Kijana wa Chumbageni anaongoza kwa bao moja. Isitoshe, Wallace baadaye alikuwa rais wa kwanza wa chuo kikuu kilichoanzishwa na Maharishi, mwalimu wa taamuli hiyohiyo aliyoipima. Sisemi alidanganya. Nasema mwenye duka asiachiwe mizani peke yake.

#6 BintMakunduchi
Ndugu Mkaidi, hiyo ya usingizi haimhusu kila mtu. Mama yangu huvuta uradi baada ya swala ya alfajiri, na tasbihi yake ndiyo inayonipa habari zake. Kila akitaja, punje moja hupita kati ya kidole gumba na cha shahada, na nikiwa chumba cha pili nausikia mlio wake mdogo. Akisinzia, mlio hukatika. Siku nyingi haukatiki mpaka mwisho, na bado akimaliza viganja vyake vina joto na uso wake umelegea kwa namna ambayo hata akiamka usingizini hauwi hivyo. Sina mashine, lakini kinachofanyika pale hakifanani na kulala.

#7 MwalimuBiolojia
Dada wa #6 ana mwenzake katika vitabu. Benson mwenyewe alilijibu jambo la usingizi kwa kusema kwamba mtu anapolala oksijeni hushuka polepole mno, kiasi cha asilimia 8 baada ya saa nne au tano, ilhali katika taamuli hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 ndani ya dakika tatu za kwanza. Mtu hawezi kuufikia usingizi mzito kwa dakika tatu.

#8 MkaidiWaHoja
Inategemea dakika hizo tatu zinaanzia wapi. Mtu aliyefungwa kifaa cha kupimia pumzi, mpira puani na sindano mkononi ya kutolea damu, ameanza akiwa na wasiwasi, na wasiwasi ule unaposhuka kwa vyovyote vile utahesabiwa kuwa ushindi wa taamuli. Ni kipimo cha kwanza cha nesi kwa sura nyingine.

#9 KatekistaWaRuvuma
Amani kwenu. Nashangaa hakuna aliyegusa pumzi, na kwa maoni yangu siri yote imo humo. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake. Waliwapima watu 23 wakisali rozari, kisha wakirudia mantra ya Kibudha, yaani maneno matakatifu yanayokaririwa, na kote kuwili upumuaji ukashuka hadi takriban mara sita kwa dakika, bila mtu kuambiwa apumue polepole. Hiyo sita si nambari ya bahati nasibu. Shinikizo la damu lina mawimbi yake ya asili yanayopanda na kushuka kila baada ya sekunde kumi hivi, na kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo kuna vihisi vinavyoupa ubongo taarifa ili moyo upunguze au uongeze mwendo. Pumzi ikienda sambamba na mawimbi hayo, vihisi hufanya kazi kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo si ukuta wa kijana, wala si neno la mzee. Ni urefu wa neno.

#10 BintMakunduchi
Naam, hapo nimeelewa kitu, kwa sababu uradi wa mama nao una urefu wake na pumzi huufuata.

#11 MkaidiWaHoja
Katekista, ongeza lile uliloliacha: walisali kwa Kilatini, watu wawili wakipokezana, mmoja nusu ya kwanza na mwingine nusu ya pili, na ni mzunguko huo uliochukua kama sekunde kumi. Tena walikuwa watu wenye afya, hawakuwa wagonjwa wa presha. Je, umewahi kuushikia saa mzunguko wa "Salamu Maria" yetu ya Kiswahili, hasa unapoongozwa na mama mmoja wa jumuiya mwenye haraka ya kuwahi soko?

#12 KatekistaWaRuvuma
Nimeushikia saa jana jioni, ndugu Mkaidi, kwa ajili yako. Jumuiya ikisali kwa utulivu huzidi sekunde kumi kwa mbali. Akiongoza mama huyo unayemsema, sitakuambia.

#13 MkimbiajiWaIten
Habari zenu. Mimi ni mwanariadha wa mbio ndefu na saa yangu ya mkononi hunipimia tofauti ya muda kati ya pigo moja la moyo na lingine. Moyo wenye afya haupigi kwa usawa kamili: ukivuta pumzi huharakisha kidogo, ukiitoa hupunguza mwendo, na vagasi ndiyo inayoendesha mchezo huo. Nikikaa na kupumua mara sita kwa dakika, tofauti hiyo hupanda papo hapo, hata kama akilini napanga mazoezi ya kesho. Nikikaa nikiyatazama mawazo tu na kuiacha pumzi ijiendee, grafu husogea kidogo sana. Kwa hiyo kura yangu ni kwa Katekista, ingawa namkumbusha mzee wa #1 kwamba grafu nzuri ya dakika tano haimaanishi presha itabaki chini mpaka jioni.

#14 SultaniWaPangani
Mnabishana mambo madogo sana. Wako mayogi wa India wanaosimamisha moyo kabisa, na wako watawa wa Tibeti waliopandisha joto la mwili kwa nyuzi 8 wakiwa uchi kwenye theluji. Hayo ndiyo ya kujadili.

#15 MwalimuBiolojia
Sultani, mwili wenye nyuzi 37 ukiongezewa 8 unafika 45, na hapo anayehitajika ni msomaji wa dua, wala si mtafiti. Benson na wenzake waliwapima watawa watatu karibu na Dharamsala mwaka 1981, wakachapisha katika jarida la Nature mwaka 1982. Kilichopanda hadi nyuzi 8.3 ni joto la vidole vya mikono na miguu, maana yake mishipa midogo ya huko ilifunguka na damu ya moto ikafika. Ni jambo la ajabu la kutosha, lakini si joto la mwili mzima. Kuhusu kusimamisha moyo, Wenger, Bagchi na Anand waliwafuata mayogi hao na kuchapisha matokeo mwaka 1961. Yogi alikuwa akibana koo na kukaza misuli ya kifua na tumbo kwa nguvu, damu inayorudi moyoni ikapungua, mapigo ya kiganjani yakapotea na sauti ya moyo ikafifia hata kwa mwenye kusikiliza. Mashine ya kupima umeme wa moyo ikaendelea kuchora kama kawaida.

#16 SultaniWaPangani
Kwa hiyo moyo ulijificha tu. Na Swami Rama, yogi wa India, je? Yeye alipimwa Marekani kwa mashine.

#17 MkimbiajiWaIten
Alipimwa Topeka, Kansas, mwaka 1970, na mtafiti Elmer Green. Moyo wake haukusimama. Ulikwenda mbio za kama mapigo 300 kwa dakika kwa takriban sekunde 17, mwendo ambao vyumba vya moyo haviwezi kujaa damu ipasavyo. Mimi nikipata mwendo huo Iten nakimbizwa hospitali.

#18 DaktariMwanafunzi
Mfano wa Swami Rama unatufungulia mlango ambao wengi humu tumeufunga, kwamba taamuli lazima itulize. Tafiti mbili zinapinga wazo hilo. Mwaka 2013 Maria Kozhevnikov na wenzake walirudi kwa watendaji wa ile mbinu ya joto ya watawa wa Tibeti wakapima joto la kwapani, na kwa baadhi yao likapanda hadi nyuzi 38.3, yaani homa ya kujitengenezea. Waliona kwamba kuzuia pumzi kwa nguvu huku misuli ya tumbo imekazwa ndiko kulikozalisha joto, na taswira ya moto akilini ilisaidia joto hilo lidumu. Mwaka 2014 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, waliwadunga vijana wenye afya sumu ya bakteria kwa kiasi kilichodhibitiwa. Kumi na wawili kati yao walikuwa wamefundishwa mbinu ya Wim Hof, Mholanzi anayejulikana kwa kustahimili baridi, yenye kuhema kwa kasi, kuzuia pumzi, taamuli na kuzoea baridi. Hao waliofundishwa walipata dalili chache za homa na kemikali za uvimbe zilikuwa chini, lakini tazameni sababu: adrenalini yao ilipanda sana. Huo ni upande wa kukimbia au kupigana wa Mwalimu wa #4, haukuwa upande wa utulivu. Kwa hiyo swali la "taamuli inafanya nini mwilini" lina kasoro mpaka kwanza tuambiwe ni taamuli ipi.

#19 MkaidiWaHoja
Hapo nakuunga mkono, Daktari, kwa sharti moja. Katika utafiti wa Nijmegen kuhema, baridi na taamuli vilifundishwa kwa pamoja, kwa hiyo sifa haiwezi kupelekwa kwa taamuli. Mimi naziona pumzi zikifanya kazi na taamuli ikipokea tuzo.

#20 MamaWaTabata
Naomba niseme upande wangu, kwa sababu kila mtu hapa anasimulia utulivu. Mimi nilishauriwa taamuli kwa ajili ya kukosa usingizi. Nikifumba macho na kuisikiliza pumzi, baada ya muda mfupi moyo huanza kunidunda, vidole hufa ganzi na najiona kama nakosa hewa, nikalazimika kusimama na kwenda dirishani. Niliambiwa nina roho ngumu. Je, yuko mwingine?

#21 NesiMstaafu
Pole, mwanangu, na aliyekuambia una roho ngumu hakukutendea haki. Ganzi ya vidole na kuhisi kukosa hewa mara nyingi hutokana na kupumua kupita kiasi: mtu anayeisimamia pumzi yake huvuta hewa nyingi kuliko anayohitaji, kabonidayoksaidi hushuka katika damu, na mwili ukatafsiri hali hiyo kuwa hatari. Isitoshe, kwa watu wenye hofu ya ndani, kule kulegeza ulinzi kwenyewe huwaamsha badala ya kuwatuliza, na watafiti wamekuwa wakiliandikia jambo hilo tangu miaka ya 1980. Jaribu macho wazi, au kutembea polepole, na ukiendelea kudundwa na moyo nenda upimwe moyo na tezi la shingo, usiachie jukwaa likutibu.

#22 MamaWaTabata
Ahsante, mama. Kutembea naweza.

#23 DaktariMwanafunzi
Ndugu Mkaidi, pumzi haiwezi kueleza kila kitu. Chukua maumivu. Fadel Zeidan na wenzake huwawekea watu kipande chenye joto la nyuzi 49 kwenye ngozi, na waliofundishwa taamuli kwa siku chache tu husema maumivu yamepungua. Mwaka 2016 walitaka kujua kama ubongo unatoa dawa yake yenyewe inayofanana na mofini, wakawapa watu naloksoni inayoizuia dawa hiyo. Nafuu ya taamuli ikabaki palepale. Maana yake kuna njia nyingine, pengine inayopitia namna ubongo unavyogawa uzingativu, na hiyo haihusiani na vihisi vya shingoni.

#24 MkaidiWaHoja
Au inapitia imani. Huwezi kumpa mtu taamuli ya bandia asijue, kama unavyompa kidonge cha unga. Kila aliyekaa anajua amekaa, na anatamani ikubali. Ndiyo sababu Chama cha Moyo cha Marekani, katika tamko lake la mwaka 2017, kilizungumza kwa tahadhari: kwamba taamuli inaweza kufikiriwa kama nyongeza ya matibabu yaliyothibitishwa, na kwamba ubora wa tafiti kwa ujumla ni wa kadiri tu. Nyongeza, mzee wangu. Dawa zibaki palepale zilipo.

#25 ChumbageniKwetu
Dawa sijaziacha wala sikukusudia. Nimewasoma wote, na kumjibu nesi wa #2: ile 148 niliipata mara tu nikitoka kitandani, bila dakika tano za kutulia. Kijana ameisoma #2 akacheka mpaka jirani akauliza kulikoni. Tumekubaliana kufanya hivi: wiki moja nitulie dakika tano, nipime, nikae nikisoma gazeti, nipime tena, wiki ya pili nipumue mara sita kwa dakika kwa kufuata saa, bila neno, wiki ya tatu nirudie neno langu na kuiacha pumzi kama ilivyo. Mkaidi, utaridhika?

#26 MkaidiWaHoja
Gazeti lisiwe na habari za siasa, vinginevyo taamuli itashinda bila jasho. Na mpimaji awe kijana, asiyetaka ushinde.

#27 KatekistaWaRuvuma
Wiki ya tatu haiwezekani, mzee. Ukirudia neno, pumzi italifuata hata usipoiambia, ndivyo ilivyokuwa kwa wale wa Pavia. Na ukiizuia isilifuate, tayari unafanya kazi nyingine. Labda uchague neno fupi mno.

#28 MkimbiajiWaIten
Neno fupi mno litamharakisha. Mwacheni achukue neno lake la siku zote, kijana amhesabie pumzi kwa kutazama bega bila mzee kujua ni dakika ipi anahesabiwa. Angalau tutajua alikuwa kwenye sita au kwenye kumi na mbili.

#29 NesiMstaafu
Na kahawa, mzee? Watu wa Tanga nawajua. Ukinywa kabla ya kipimo cha kwanza, namba itapanda ndani ya nusu saa, na wiki zote tatu zitakuwa za kahawa.

#30 ChumbageniKwetu
Nitainywa baada ya kipimo cha pili. Ila mke wangu anasema wiki ya gazeti nitapimwa nikiwa na hasira ya kukosa kahawa, na hilo nalo mlitafutie jibu.